Kutoka Nukta za Vipimo Hadi Kontua: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Uso wa Ardhi kwa QGIS

Kontua, yaani mistari inayounganisha mahali penye mwinuko mmoja, zinazojifunga kuwa viduara kuizunguka kila nukta. Shamba tambarare linaloibuka na shimo la mita 500. Mfereji unaochorwa kwenye ramani ukishuka vizuri, halafu ukifika shambani maji yanagoma kwenda. Kasoro hizi hujirudia kwa watu wengi wanaojitengenezea ramani ya mwinuko, na mara nyingi chanzo chake kipo nyuma kabisa ya kitufe cha kukadiria (kukisia mwinuko wa mahali pasipopimwa): namna nukta zilivyopimwa, zilivyoandikwa na zilivyoingizwa kwenye kompyuta.

Tutafuata kazi moja mwanzo hadi mwisho. Ni shamba la mita 200 kwa 200 Morogoro, yaani hekta 4 au karibu ekari 10. Lina mteremko wa wastani na korongo la upana wa mita 6 linalolikata. Mwenye shamba anataka kontua ili ajue mfereji wa umwagiliaji upite wapi. Ukiielewa kazi hii, kiwanja cha ujenzi, bwawa au barabara ni kubadilisha namba tu.

## Unavyohitaji kabla ya kuanza

- Faili la vipimo la CSV (maandishi yanayotenganishwa kwa mkato) lenye safu tano: namba ya nukta, koodineti ya mashariki, koodineti ya kaskazini, mwinuko na kodi ya maelezo (herufi chache za kuonyesha nukta ni ya nini).
- QGIS, programu ya kutengeneza ramani, toleo la 3 la karibuni, iliyosakinishwa pamoja na zana za ziada za GDAL na GRASS. Ni ya bure, na kwa eneo la ukubwa huu kompyuta yenye RAM ya GB 4 inatosha.
- Mpaka wa shamba kama poligoni.
- Nukta za kukagulia 20 hadi 30, zilizopimwa kwa kifaa kile kile lakini zikawekwa kando.
- Mchoro wa mkono kutoka shambani unaoonyesha korongo, kingo, matuta, njia na vichuguu. Usiudharau mchoro huu. Faili la CSV halijui kwamba nukta ya 87 ilisimama juu ya kichuguu.

Kuhusu kifaa: totali stesheni, levo yenye stafu, au risiva ya GNSS (ya vipimo vya setilaiti) inayopokea masahihisho ya papo hapo yaitwayo RTK. GPS ya simu haifai hata kidogo. Mfereji wa udongo wenye mteremko wa 0.2% hushuka sentimita 40 tu katika mita 200, na mwinuko wa simu unaweza kukosea kwa mita kadhaa ukiwa umesimama pale pale.

## Hatua ya 1: Pima pale ardhi inapobadilika

Programu haijui chochote kuhusu ardhi iliyo katikati ya nukta mbili. Inakisia tu, na njia karibu zote huanza na dhana kwamba kati ya nukta na nukta ardhi inabadilika taratibu. Kazi ya mpimaji ni kuhakikisha dhana hiyo ni kweli, na hilo hufanyika kwa kuweka nukta kila mahali mteremko unapovunjika.

Kwa shamba letu, anza na gridi ya mita 20. Itoe nje ya mpaka kwa mstari mmoja kila upande, hivyo eneo linalopimwa liwe mita 240 kwa 240, na gridi iwe ya nukta 13 kwa 13, jumla 169. Mstari huo wa nje ni muhimu: bila huo, kontua za pembezoni zinategemea nukta za upande mmoja tu na hupinda ovyo hapo hapo mpakani, mahali ambapo jirani yako ataangalia kwanza.

Kisha lipime korongo peke yake: nukta kila mita 10 kwenye kitako, kila mita 10 kwenye kingo ya kushoto, na vivyo hivyo kingo ya kulia. Kwa urefu wa mita 240 hizo ni nukta 25 mara tatu, yaani 75. Jumla yote ni 244.

Zipe kodi wakati unapima, si jioni ukiwa umechoka: KIT kwa kitako, KL kwa kingo ya kushoto, KK kwa kingo ya kulia, ARD kwa ardhi ya kawaida. Kodi hizi ndizo zitakazookoa kazi katika hatua ya 7.

Tahadhari: kichuguu kikipimwa juu yake na mahali pengine popote karibu hakuna nukta, ramani itaonyesha kilima cha mita 20 kila upande. Ama kipime kileleni na pande zote za chini, ama kiruke kabisa na kukionyesha kwa alama. Hali ni ile ile kwa shina la mti, rundo la mawe na kifusi.

Umefanikiwa ikiwa: ukichukua nukta mbili zozote jirani kwenye mchoro wako, unaweza kusema bila kusita kwamba ukivuta kamba kutoka moja hadi nyingine, itaigusa ardhi njia nzima au karibu njia nzima.

## Hatua ya 2: Safisha faili

Fungua CSV kwa programu ya maandishi ya kawaida, si ya majedwali. Programu za majedwali hubadilisha namba kimyakimya, hasa kompyuta ikiwa imewekwa kutumia mkato badala ya nukta kwenye desimali.

Mstari mmoja uonekane hivi:

87,352140.250,9246310.480,512.350,ARD

Mashariki ina tarakimu sita kabla ya desimali, kaskazini ina saba. Vifaa vingi vya upimaji hutoa kaskazini kwanza, halafu mashariki. Ukizibadilishana, shamba lako halitakuwa Morogoro tena. Litaruka maelfu ya kilomita, au litatua mahali ambapo mfumo wa koodineti haufiki.

Tafuta haya manne, kwa mpangilio huu:

1. Mwinuko wa 0.000 au nafasi tupu. Kifaa kilishindwa kupima, kikaandika sifuri. Hapa ndipo shimo la mita 500 linapozaliwa. Futa mstari mzima.
2. Nukta zinazojirudia mahali pale pale zenye miinuko tofauti. Programu haiwezi kuamua ipi ni kweli. Amua wewe.
3. Kundi la nukta zinazofuatana ambazo zote zimepanda au kushuka kwa kiasi kile kile. Mara nyingi ni urefu wa fimbo: fimbo ilikuwa mita 2.00, kifaa kikaendelea kuamini ni 1.80, na nukta zote za baada ya hapo zimepanda sentimita 20. Hii ni hatari kuliko sifuri kwa sababu haionekani kwa haraka, na kwenye ramani hujidai kuwa ngazi ya ardhi.
4. Nukta za benchimaki (alama ya kudumu yenye mwinuko unaojulikana), bikoni na kituo cha kifaa. Nyingi zimepimwa juu ya zege, si ardhini. Ziondoe.

Hifadhi faili lililosafishwa kwa jina jipya. Lile la awali usiliguse.

## Hatua ya 3: Thibitisha mfumo wa koodineti na aina ya mwinuko

Hapa watu hukwama zaidi kuliko mahali pengine, kwa hiyo tusikimbie.

Kanda. UTM ni mfumo wa koodineti za mita unaoigawa dunia kwa kanda, na Morogoro iko kanda ya 37 Kusini. Kwa datamu ya WGS 84 kodi yake, yaani namba ya kuutambulisha mfumo kwenye programu, ni EPSG:32737. Mpaka kati ya kanda ya 36 na 37 ni longitudo 36 Mashariki, nao unapita mahali panapowashangaza wengi: Dodoma na Iringa ziko kanda ya 36, si 37. Mwanza na Mbeya pia ni 36. Nairobi, Arusha, Moshi na Dar es Salaam ni 37. Kisumu ni 36 Kusini, Eldoret ni 36 Kaskazini kwa kuwa ikweta imepita katikati yao, na Kampala ni 36 Kaskazini. Kigali imegusa kanda ya 36 kwa karibu sana. Bujumbura, Goma na Lubumbashi ziko 35 Kusini.

Datamu. Huu ni msingi ambao koodineti huhesabiwa kutoka kwake. Ramani nyingi za zamani na bikoni nyingi za Tanzania na Kenya ziko kwenye Arc 1960, ambayo kwa kanda ya 37 Kusini ni EPSG:21037. Risiva ya GNSS kwa kawaida hutoa WGS 84. Tofauti kati ya hizo mbili ni karibu mita 300 ardhini. Dalili yake haikosei: umbo la shamba liko sawa kabisa, lakini likiwekwa juu ya picha ya setilaiti linaonekana limehamia kwa majirani.

Mwinuko. Risiva ya GNSS hupima urefu kutoka elipsoidi, umbo la kihesabu la dunia. Maji hayaifuati elipsoidi. Mwinuko tunaoutaka ni ule unaohesabiwa kutoka usawa wa bahari, yaani kwa kutumia geoidi. Katika pwani yetu geoidi iko chini ya elipsoidi kwa zaidi ya mita 20, ndiyo maana mtu aliyesimama ufukweni Dar es Salaam anaweza kuona kwenye kifaa mwinuko hasi. Kwa shamba moja la hekta 4 tofauti hiyo ni karibu ile ile kila kona, kwa hiyo kontua zitakuwa na umbo sahihi lakini namba zake zitapotoka. Balaa ni kuchanganya: nusu ya nukta kwa GNSS bila geoidi, nusu kwa levo kutoka benchimaki. Hapo utapata ukuta wa mita 20 katikati ya shamba.

Usifanye kazi hii kwenye digrii. Umbali ukiwa wa digrii na mwinuko wa mita, mteremko na kivuli cha vilima (picha ya ardhi kana kwamba inaangazwa na jua kutoka upande) vitatoka upuuzi mtupu, na QGIS haitakukemea.

## Hatua ya 4: Ingiza nukta na uzitazame

Fungua dirisha la «Delimited Text». Chagua faili, weka safu ya mashariki kwenye X, ya kaskazini kwenye Y, na mwinuko kwenye Z. Hiyo Z usiiache tupu. Tutaihitaji kwa korongo. Chagua EPSG:32737, kisha ongeza tabaka na ulihifadhi kama GeoPackage.

Sasa zipake nukta rangi kufuatana na mwinuko, madaraja kumi. Rangi zitiririke kutoka upande mmoja wa shamba hadi mwingine. Nukta nyekundu iliyojitenga katikati ya buluu ni kosa mpaka ithibitike vinginevyo. Fungua pia jedwali la sifa: safu ya mwinuko ikiwa imepangwa kushoto, QGIS imeisoma kama maandishi, na kwenye dirisha la kukadiria haitatokea kabisa.

Dakika kumi za kutazama hapa hukuepusha na saa nzima ya kubahatisha baadaye.

## Hatua ya 5: Chagua njia

Njia ni nyingi, lakini kwa mwinuko wa ardhi uliopimwa kwa mkono nina msimamo: anza na pembetatu, yaani TIN. Nyingine zitumie ukiwa na sababu unayoweza kuieleza.

TIN huunganisha nukta kwa pembetatu na kuchukulia kila pembetatu kuwa bapa. Inaheshimu kila kipimo, haibuni vilele, inakubali mistari ya mvunjiko kama kingo za korongo, na ikikosea unaweza kuona pembetatu iliyokosea. Udhaifu wake ni sura: uso hutoka na mikunjo.

IDW hukadiria kwa wastani wenye uzito, nukta ya karibu ikipewa uzito mkubwa. Ndiyo inayotumiwa na wengi kwa sababu ni rahisi, na ndiyo inayoleta vile viduara. Angalia hesabu yake. Tuseme seli moja (mraba mdogo wa ramani unaopewa mwinuko mmoja) ina nukta tatu jirani: ya kwanza mita 5 yenye mwinuko 512.20, ya pili mita 10 yenye 513.00, ya tatu mita 20 yenye 514.40. Kwa kipeo cha 2 (namba inayoamua uzito upungue kwa kasi gani umbali ukiongezeka), uzito ni 1 kugawa kwa umbali wa kipeo cha pili: 0.04, 0.01 na 0.0025. Jibu ni 512.46. Ukitumia kipeo cha 1 jibu ni 512.74; kipeo cha 3 linakuwa 512.32. Ardhi ni ile ile na vipimo ni vile vile, lakini tofauti ni sentimita 42, kwa namba moja uliyoichagua kwenye kisanduku.

Tena, kwa kuwa ni wastani, IDW haiwezi kamwe kutoa mwinuko ulio juu ya kipimo cha juu kabisa wala chini ya kile cha chini kabisa. Kitako cha korongo kisichopimwa hakitaonekana. Ni sawa kwa mvua au kina cha udongo. Kwa ardhi ya kupitishia maji, iache.

Splaini, kwa mfano zana ya GRASS iitwayo v.surf.rst, hupitisha uso laini kama karatasi ya chuma inayopindwa. Hupendeza kwa ardhi ya vilima laini isiyo na kingo. Penye kingo kali hupitiliza: juu ya kingo hutokea tuta na chini yake shimo, vyote viwili havipo. Ukiitumia, jaza ukubwa wa seli kwenye mipangilio ya juu ya GRASS badala ya kuuacha sifuri. Ukiona mipaka ya miraba mikubwa kwenye uso, ongeza namba ya nukta za chini zinazotumika kwa kila kipande.

Kriging hupima kwanza jinsi tofauti za mwinuko zinavyokua kadiri umbali unavyoongezeka, ndipo ikadirie. Faida yake kubwa ni kukupa ramani ya kiwango cha kutojua: wapi makadirio yana nguvu, wapi ni ya kubahatisha. Lakini shamba lenye mteremko linahitaji mteremko huo uondolewe kwanza na kurudishwa mwisho. Usipofanya hivyo, variogramu, yaani mchoro wa ukuaji huo wa tofauti, utapanda tu bila kutulia, na namba zote za baada ya hapo hazina msingi. Kwa nukta chini ya 50, usijisumbue.

## Hatua ya 6: Amua ukubwa wa seli

Seli ndogo haileti usahihi. Huleta faili kubwa.

Anza na umbali wa wastani kati ya nukta: gawanya eneo kwa idadi ya nukta, tafuta kipeuo cha pili. Kwa sisi, 57,600 kugawa kwa 244 ni 236, na kipeuo chake ni mita 15.4. Ukubwa wa seli unaofaa huangukia kati ya robo na nusu ya hapo, yaani mita 4 hadi 8.

Lakini korongo letu lina upana wa mita 6. Kwa seli ya mita 6 linaweza kumezwa na seli moja na kupotea nusu ya kina chake. Kwa kuwa tumelipima kwa msongamano, tunaruhusiwa kushuka hadi mita 2. Hiyo inatoa rasta (gridi ya seli) ya 120 kwa 120, seli 14,400. Anayeweka sentimita 10 atapata seli 5,760,000 zilizotokana na nukta zile zile 244. Ramani itaonekana ya kitaalamu na haitakuwa na taarifa mpya hata moja.

## Hatua ya 7: Tengeneza mistari ya mvunjiko

Chuja nukta za KIT, KL na KK, kisha tumia zana ya «Points to path». Kwenye mpangilio weka namba ya nukta; kwenye kundi weka kodi. Kundi ni lazima, maana wapimaji wengi hupima korongo kwa kulivuka: kingo, kitako, kingo, halafu wanarudi. Bila kundi utapata mstari mmoja wa msumeno badala ya mistari mitatu.

Mtego uko hapa. Mstari ukitumia mwinuko kutoka safu ya jedwali, una thamani moja tu kwa urefu wake wote, na korongo litakuwa bapa kama meza kutoka juu hadi chini. Ni lazima mwinuko utoke kwenye Z ya kila kipeo cha mstari, yaani kila nukta ambayo mstari unapitia. Ndiyo sababu tulijaza Z katika hatua ya 4. Hakikisha kwa zana ya vipeo: bofya mstari, soma Z ya vipeo viwili vya mbali. Zikiwa sawa kabisa au sifuri, rudi nyuma.

## Hatua ya 8: Endesha TIN

Fungua «TIN interpolation» kwenye kisanduku cha zana. Ongeza tabaka la nukta kama «Points», ukichagua safu ya mwinuko. Ongeza tabaka la mistari kama «Break lines», ukiweka alama kwenye kisanduku cha kutumia Z. Njia iwe «Linear». Ile ya Clough-Toucher ni laini zaidi lakini inaweza kupitiliza kama splaini.

Eneo lichukuliwe kutoka tabaka la nukta, ukubwa wa pikseli (yaani seli) 2 na 2. Kabla ya kubonyeza, omba pia tabaka la pembetatu lihifadhiwe. Wengi huliruka, na ndilo lenye majibu.

Likitoka, lifungue juu ya nukta. Angalia mambo mawili.

Kwanza, je, kuna pembetatu inayolivuka korongo kutoka kingo hadi kingo bila kugusa kitako? Hiyo ni daraja la bandia. Maji kwenye ramani yatakwama nyuma yake. Ongeza nukta ya kitako hapo, au rekebisha mstari.

Pili, pembezoni, je, kuna pembetatu ndefu nyembamba zilizounganisha nukta zilizo mbali? Hizo hazina maana. Kata rasta kwa poligoni ya mpaka kwa zana ya «Clip raster by mask layer», nazo zitaondoka.

Kama nukta zako hazikutoka shambani bali zilichukuliwa kwenye kontua za ramani ya zamani, kuna ugonjwa wa tatu: pembetatu ambazo pembe zake zote tatu ziko kwenye kontua moja. Hizo ni bapa kabisa, na vilele na mabonde hugeuka matuta ya ngazi. Dawa ni kuongeza nukta za vilele na mistari ya mabonde kwa mkono.

## Hatua ya 9: Kagua kabla ya kuamini

Soma kwanza thamani ya chini na ya juu ya rasta. Zikipita vipimo vyako kwa zaidi ya sentimita chache kwenye TIN ya mstari, kuna nukta mbovu imepenya.

Kisha weka kivuli cha vilima: azimuthi (mwelekeo wa mwanga) 315, pembe 45, na kuza mwinuko mara 3 hadi 5 kwa kuwa mteremko wa shamba si mkali. Jicho hukamata kwenye kivuli kile ambacho jedwali halisemi: kichuguu kilichosahaulika, ngazi ya fimbo ya sentimita 20, mistari ya njia aliyopita mpimaji.

Halafu hesabu. Chukua zile nukta za kukagulia ambazo hazikutumika, tumia «Sample raster values», kisha toa mwinuko wa rasta kwenye mwinuko uliopimwa. Kwa kuonyesha hesabu tu, tuseme sita kati yake zimetoa tofauti hizi kwa mita: 0.12, −0.08, 0.05, −0.15, 0.10 na −0.04.

Wastani wake ni 0.00, maana yake uso haujapanda wala kushuka kwa ujumla. Wastani ukiwa mbali na sifuri, tafuta kosa la fimbo au la geoidi. Kisha zidisha kila tofauti kwa yenyewe, jumlisha upate 0.0574, gawanya kwa 6, chukua kipeuo cha pili: 0.098. Hiyo ndiyo RMSE, kipimo cha ukubwa wa kosa la uso kwa ujumla: karibu sentimita 10.

Usiishie kwenye namba. Zipake tofauti rangi kwenye ramani. Makosa yaliyotawanyika ni ya kawaida. Yakijikusanya kona moja, kona hiyo inahitaji kupimwa upya, hata kama RMSE ya jumla inapendeza.

## Hatua ya 10: Chora kontua

Nafasi kati ya kontua haichaguliwi kwa kupenda. Kanuni inayotumika sana ni kuwa isipungue RMSE mara 3.3 hivi. Kwetu, 0.098 mara 3.3 ni 0.32. Kontua za nusu mita zinakubalika. Za sentimita 25 hazikubaliki, hata mteja akizitaka; mistari hiyo itakuwa inachora makosa.

Tumia zana ya GDAL iitwayo «Contour», nafasi 0.5. Kila mstari wa tano uwe mnene na wenye namba.

Zikitoka na kona kona, zilainishe kidogo kwa «Smooth», mzunguko mmoja au miwili. Ukizidisha, kontua zitaanza kuvukana penye mteremko mkali, na kontua mbili zinazovukana ni ushahidi kwamba ardhi moja ina miinuko miwili.

Umefanikiwa ikiwa: kontua zinapolivuka korongo zinapinda na kuchongoka kuelekea juu ya mkondo, hakuna kiduara kilichojifunga ndani ya korongo, na ukitembea shambani na ramani mkononi, mahali mistari imebanana miguu inahisi mteremko.

## Vipimo vyako vikiwa gridi tayari

Huenda huna nukta za kupima, bali gridi ya mwinuko iliyopimwa kutoka anga za juu. SRTM, iliyokusanywa kwa rada mwezi Februari 2000, ina seli za sekunde moja ya tao, karibu mita 30 kwa eneo letu. Copernicus GLO-30 ni ya karibuni zaidi na ina seli za ukubwa huo huo. Kwa bonde zima au kata nzima zinafaa. Kwa mfereji wa shamba la hekta 4, sahau: shamba letu lote lingekuwa na seli zisizofika 50, na rada iliona vilele vya miti na mapaa, si udongo.

Ukihamisha gridi kutoka digrii kwenda UTM kwa zana ya «Warp», badilisha njia ya kukadiria kutoka «Nearest neighbour» iwe «Bilinear» au «Cubic». Ile ya kwanza hunakili seli ya jirani bila kukadiria, na matokeo yake ni michirizi iliyonyooka inayojitokeza kwenye kivuli cha vilima kama nguo ya kitani.

Faili nyingi za SRTM huhifadhi mwinuko kwa mita kamili bila desimali, na mapengo yake huandikwa −32768. Namba hiyo isipotambulishwa kuwa «hakuna data», kila pengo litakuwa shimo la kilomita 32. Itambulishe kwanza, ndipo uzibe kwa «Fill nodata». Na kwa kuwa miinuko inaruka mita nzima nzima, kontua za mita 1 zitatoka ngazi ngazi kwenye tambarare. Tumia mita 10 au zaidi, na kwenye tambarare za Mto Rufiji lainisha rasta kabla ya kuchora.

Usizichanganye SRTM na Copernicus kwenye rasta moja bila kuzilinganisha. Ya kwanza imepimwa kwa geoidi ya EGM96, ya pili kwa EGM2008, na juu ya hilo zina miaka zaidi ya kumi kati yao. Ukiwa na nukta chache za RTK katika eneo hilo hilo, zitumie kukagua gridi, si kuzimwaga ndani yake: nukta zenye kosa la sentimita zikipandikizwa kwenye gridi yenye kosa la mita, kila moja itatoka kama kichuguu.